Unga Niliosema Umetoka Jakarta

Shela, kabla ya Maghrib

Mwanangu Swafia,

Assalaam alaykum warahmatullah. Barua za watu huanza kwa kusema huku sote wazima, hofu ni kwako uliye mbali. Wewe bado hujawa mbali. Uko Amu, mji wetu wa Lamu, mwendo wa kutembea kwa miguu kutoka hapa, na saa hizi wazunguka mitaani kuaga nyumba moja baada ya nyengine. Mimi ndiye nilokwenda mbali. Nimekuja huku kazini kwangu, kwenye nyumba ya wageni isiyo na wageni, nikaketi kwenye meza ya ukumbini, nikachukua kalamu, mimi niloacha skuli darasa la tano kwa sababu mwalimu alishindwa kujibu swali langu.

Hilo si kweli. Niliacha kwa uvivu. Waona mkono unavyokwenda wenyewe? Nitajaribu kuushika, na utakaponiponyoka nitarudi nyuma kama hivi. Nivumilie.

Leo baada ya Adhuhuri ulikuja kuniaga kama itakikanavyo. Ulivua viatu mlangoni, ukaketi mkekani ingawa kiti kilikuwako, ukanibusu mkono ukasema, "Mjomba, nataka radhi yako. Kama nimekukosea kwa neno au kwa kitendo tangu utoto wangu, nisamehe, nisafiri na moyo mweupe."

Na mimi nikafanya nini? Nikakohoa. Nikaweka kofia sawa. Kwa kuwa jirani yetu Bi. Mwanakheri alikuwapo na wanawake wenziwe, nikakupa hotuba: nimekuradhi dunia na akhera, Jakarta naijua kama kiganja changu, nakukabidhi kwa mji nilokula chumvi yake. Bi. Mwanakheri akafuta machozi. Wewe ukaitikia, "Amin, mjomba."

Mke wangu, mamako mlezi Rukia, alikuwa kasimama na sinia la vikombe. Hakulia. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aulizaye bei ya samaki, "Na wewe, Bwana, huna la kumtaka radhi mtoto?"

Wanawake wakacheka, wakidhani ni utani wa mke na mume. Nami nikacheka. Nikasema, "Mkubwa hamkosei mdogo, humfunza." Wewe ukacheka kwa heshima ukaondoka kwenda kuaga kwengine, na mimi nikabaki na radhi yako mkononi, nimeipokea kama mtu apokeaye mzigo usio wake.

Sasa, sitakuandikia habari za kufunga begi wala kutunza pasi wala kula nini ukifika. Hayo umeyapanga kuliko nahodha. Siku nilokwambia kwamba ndegeni watu huvua viatu wakavipanga mlangoni, ulinitazama ukasema, "Inshallah, mjomba," na usiku nikasikia wewe na mamako Rukia mkicheka jikoni hadi mkakohoa. Mlikuwa na haki. Nitasema yale tu ambayo hakuna mtu mwengine awezaye kukwambia.

Tangu Bi. Ratna akualike kwao, nyumba yetu imekuwa kama ofisi ya safari. Bi. Ratna na mumewe Bwana Yusuf, waliofikia nyumba hii ninayoiangalia, walikaa wakakupenda, wakarudi Jakarta na hawakukusahau. Kila ukirudi kazini waketi ukumbini na simu yako, waniuliza, nami sijawahi kukosa jawabu.

"Mjomba, mvua yao huanza lini?"

"Mji ule mvua haiulizi mwezi."

"Na barabara zao? Naona kwenye simu pikipiki kama mchwa. Mimi barabara nimeivuka Mombasa tu, tena nimeshikwa mkono."

"Barabara ya Jakarta huivuki kwa miguu, mwanangu, waivuka kwa macho. Wamtazama dereva, naye akiona ni mtoto wa Amu atasimama."

Mamako Rukia akasema kutoka jikoni, "Atajuaje ni mtoto wa Amu? Kwa harufu ya punda?"

Tulicheka. Zile jioni zilikuwa tamu, na utamu wake wanichoma, kwa kuwa nilikuwa najua lini utafika kwenye swali lile. Ukafika. Ulikuwa umekwisha kupanga kila kitu: msikiti wao mkubwa, mji wao wa kale wenye mifereji, soko la nguo la Tanah Abang ambako zatoka saruni tunazovaa huku. Lakini yote hayo ulikuwa umeyasukuma nyuma. Siku ya kwanza kabisa, hata kabla ya kupumzika, uliiwekea jambo moja: kutafuta duka la Haji Samad, rafiki yangu, aliyeniletea ule unga wa piko, rangi nyeusi ya kupaka maharusi.

"Bi. Ratna halijui duka hilo," ukaniambia. "Lakini asema soko ni kubwa, tutalitafuta sote. Nielekeze, mjomba."

Nami nikakuelekeza. Mungu anisamehe, nilikuelekeza vizuri. Ukitoka msikitini washika mkono wa kushoto, wavuka daraja dogo, wamkuta mzee auzaye ndege ndani ya vitundu, ndia ya pili baada yake ina harufu ya karafuu, duka lina mlango wa kijani. Nilikutilia hadi paka mlangoni. Wewe ukawa waandika, kisha ukatafuta kwenye ramani ya simu, ukakisia, ukaweka alama nyekundu. Ukanionyesha. "Hapa?" Nikainama nikatazama kama mtu ajuaye kusoma ramani. Nikasema, "Hapo hapo."

Swafia, hapo hapana kitu. Hakuna Haji Samad. Hakuna mlango wa kijani. Nami sijawahi kutia mguu Jakarta, wala nti yoyote iliyo upande ule wa dunia.

Nataka ujue ilivyoanza, si kwa kujitetea. Nilipokuwa kijana wa umri wako nilikwenda Mombasa kutafuta kazi ya melini. Nilikaa kwa jamaa yetu Kibokoni, kila asubuhi natembea hadi lango la bandari ya Kilindini, nasimama na wenzangu tukingoja kuitwa. Wenzangu waliitwa. Mimi nilipoitwa, meli ilikuwa kubwa kuliko msikiti wetu na mnara wake, na yule aliyetuita akasema tutakuwa baharini mpaka tusahau nyuso za watu wetu. Nikamwambia nakwenda kuchukua begi langu. Sikurudi. Nilijificha chumbani kwa jamaa yangu mpaka meli ikaondoka. Mtu wa Amu, aliyezaliwa akisikia maji, nikaogopa bahari.

Sasa ningerudi nyumbani na nini? Nikanunua saruni nzuri ya Indonesia dukani, palepale Mombasa, nikavaa nikashuka nayo gatini. Watu wakaniangalia. Mmoja akauliza, "Athmani, umetoka wapi na nguo hiyo?" Sikusema Jakarta. Nilisema, "Ah, mbali." Jakarta walisema wao. Mimi niliacha tu waseme, kisha nikawasaidia. Kufikia Ijumaa nilikuwa Athmani Jakata, na jina likanikaa vizuri kuliko ile saruni.

Miaka yote hiyo nimekula kwa jina hilo. Wageni walinipenda, watoto walinifuata, barazani nilikuwa sifiki nikakosa mahali pa kuketi. Na wewe ulikuwa mdogo, dadangu Zena amekwisha kufariki, babako ameoa kwengine, ukalelewa ukilala kwa hadithi zangu za mji wenye taa zisizozimika. Nadhani watu wote walikuwa wajua. Walinicheka na wakanipenda, yote mawili pamoja, kama mtu ampendavyo kasuku. Wewe pekee ndiye uliyeniamini. Hilo sikuliona. Nilidhani wote mko namna moja.

Twende kwenye harusi ya Mwanahawa.

Wewe ulikuwa na mkono. Sisemi kwa kuwa ni mwanangu. Mamako Rukia alikufunza hina tangu huwezi kushika kijiti sawasawa, na ulipofika umri wa kuitwa kwenye maharusi, ulikuwa umempita. Majani ya hina ulikuwa wayaagiza Mbwajumali, kule kisiwani Pate, wayaanika wayasaga mwenyewe. Kwa rangi nyeusi ulikuwa na piko yako unayoijua, na hata hiyo hukuipaka mtu bila kuijaribu. Tone moja mkononi mwako, tone moja mkononi mwa bibi harusi, kisha mwangoja mpaka kesho. Wanawake walikusema: huyu mtoto ana madaha, hina gani hii ya kungojwa mpaka kesho? Hukujali. Uliwaambia, "Ngozi haina haraka, Bi."

Mwanahawa wa Mbwajumali alipoposwa, mamake alikuja Amu kukutaka wewe na si mwengine. Wiki ile mimi nilikuwa nimetumwa Malindi kuleta rangi ya kuta za nyumba hii. Ndiani, palipo na wachuuzi, kijana aliniuzia boksi la unga mweusi. Lilikuwa na maandishi mengi ya Kiingereza ambayo sikuyasoma, na picha ya mwanamume mwenye ndevu nyeusi ti. Mwanamume, Swafia. Mwenye ndevu. Kipofu angejua ni dawa ya mvi. Yule kijana akaniambia wanawake wapaka mikononi, nami nikaona tayari nitakavyoingia Mbwajumali na zawadi. Nikatupa boksi, nikaumimina unga ndani ya chupa ya kioo ya mafuta mazuri, nikaufunga kwa kitambaa cha hariri.

Mliponiona nimefika kwenye nyumba ya harusi, nilisimama mlangoni pa ua wa wanawake nikaita kwa sauti ili wote wasikie: hii ni piko ya Jakarta, imeletwa na rafiki yangu Haji Samad kwa mkono wa baharia, piko ya wake za masultani, haijapata kuingia visiwa hivi. Ukatoka kuipokea. Ukainusa.

Ukaniuliza polepole, watu wasisikie, "Mjomba, umeijaribu?"

"Nimeona maharusi wasio idadi wamepakwa kwa macho yangu haya."

"Basi niijaribu mkononi mwangu, nimpake kesho."

"Kesho ndiyo siku yenyewe. Wataka kuniaibisha?" Na hapo nikanyanyua sauti, ndiyo, nakumbuka nilivyoinyanyua. "Mwanangu mwenyewe aniona muongo mbele za watu?"

Wanawake wakageuka. Mmoja akasema, "Mpake, mwanangu, mjombako katoka nayo mbali." Nilikuona macho yako. Ulikuwa wajua kazi yako na ulikuwa wanijua mimi, na ukachagua kuniheshimu mimi. Ukaenda ukampaka.

Yaliyofuata huna haja nikusimulie. Lakini nataka uone kwamba nayajua. Najua kwamba alfajiri mikono ya Mwanahawa ilikuwa imevimba na malengelenge yamefuata kila ua ulilochora, jani kwa jani, mpaka viwikoni. Najua walimketisha siku ya kutazamwa na mikono imefunikwa kwa shela, na kila mwanamke aliyeingia akataka kujua kwa nini. Najua kuwa makovu yake hayajafutika. Najua mamake alikwambia neno mbele ya watu ambalo sitaliandika.

Na wewe ukasema nini? Ulisema, "Unga wa mjomba ni mzuri. Mimi ndiye nilokosea kipimo."

Tangu siku hiyo hakuna mlango wa harusi uliokufungukia. Ulisema umechoka na hina, ukaenda kufua mashuka Ras Kitau kwenye hoteli, kila asubuhi kwa boti, na mikono ile ikawa ya sabuni. Sisi tukasema mtoto kapata kazi nzuri.

Naja kwenye lililo baya zaidi, na hapa mkono wangu wataka sana kukimbia.

Siku chache baada ya harusi nilikuwa barazani. Mtu akasema, "Athmani, yasemekana ule unga wako ndio uliomchoma bibi harusi." Wote wakanigeukia. Palikuwa na nafasi ya neno moja tu, Swafia, na lile neno la kweli lilikuwa fupi. Nami nikasema, "Unga huo wapakwa na mabibi harusi wa mji mzima kule. Tatizo ni vijana wa siku hizi, hawana mkono."

Hawana mkono. Nilikusema hivyo wewe.

Wakakubali. Wakatikisa vichwa. Mmoja akanipa kahawa. Niliinywa.

Uongo wangu wa zamani wote, ule wa melini, ule wa taa, ule wa papa niliyempiga ngumi, niliubeba mwenyewe, na haukuwa mzito kwa kuwa ulikuwa wa kuchekesha. Huu ulihitaji mtu wa kuubeba. Ukatazama huku na huku ukakuona wewe, kwa kuwa ndiwe uliyekuwa umenyoosha mikono. Sikujua kwamba uongo una tabia hiyo. Mtu wa umri wangu angepaswa kujua.

Hukukosea kipimo, mwanangu. Ule unga hauna kipimo. Ungepaka kidogo ungechoma, ungepaka mwingi ungechoma. Utazunguka masoko yote ya Jakarta ukiuliza kosa lako lilikuwa wapi, na hutalipata, kwa sababu liko hapa Shela, lakuandikia barua. Ifute ile alama nyekundu. Bi. Ratna ni mkarimu, angelizunguka nawe kutwa katika jua lile akitafuta mzee wa ndege, na mngerudi jioni miguu imevimba, na wewe ungelisema ni wewe uliyesahau maelekezo. Nakujua. Ungelijilaumu tena, na ungelinipigia simu kuniomba msamaha.

Hilo ndilo nililoliona uliponibusu mkono.

Ulipoondoka kwenda kuaga, nilimpigia Bi. Ratna. Kiingereza chake na changu hukutana kama wazee wawili wanaoshikana mkono ili wasianguke, lakini tulielewana. Nilimwambia hakuna duka. Nikamwambia, na mimi sijafika kwenu.

Akacheka kidogo. Kisha akasema, "Athman, hilo tulilijua siku ya kwanza. Ulituambia ulipanda mlima ulio katikati ya mji wetu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Niliona aibu ambayo sikujua ipo. Nikamwambia basi habari ya unga, yote. Hakucheka tena. Alisema anakumbuka ulivyompaka hina alipokuwa huku: ulimtia tone moja ukamkataza kuendelea mpaka siku ya pili, na yeye alikuwa na haraka akakasirika kidogo. "Msichana yule hakosei kipimo," akasema. "Nilishangaa aliponiambia. Mwambie kabla hajapanda ndege. Mimi sitakusaidia katika hilo."

Alasiri nikaenda kuswali, na nilipotoka nikaketi barazani, palepale, na karibu watu ni walewale. Nikasema kwa sauti: ule unga niliununua Malindi ndiani, ni dawa ya kupaka mvi, nililitupa boksi, Swafia hana kosa, mimi sijatoka Kenya.

Unajua walifanya nini? Walicheka. Walijipiga mapaja. "Athmani Jakata yeo kaja na mpya!" Mmoja akafuta machozi akasema, "Haya endelea, yule mwanamume wa ndevu alikwambiaje?" Nikaapa. Wakacheka zaidi, wakasema hata kiapo leo kimekolea. Nikasimama nikapiga kelele, wakanivuta shati niketi, wakaagiza kahawa. Nimetumia maisha yangu kuwafunza watu wale wasiamini lolote nisemalo, na wamehitimu.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mamako Rukia akichambua mchele. Nikamweleza. Alisema, "Mimi niliosha lile bakuli la kukorogea unga ule. Rangi haikutoka mpaka leo, na harufu ile si ya kitu cha kupaka mtu. Nilikuwa nakungoja."

"Tangu harusi?"

"Tangu harusi."

"Na hukusema?"

"Ningelisema mimi, ungelipata mtu mwengine wa kukusemea maisha yako." Akarudi kwenye mchele wake. Kisha akaongeza, "Nami nina langu la kumtaka radhi mtoto kwa kungoja huko. Nitamwambia mwenyewe, si kwa barua."

Nilitaka kuitia barua hii ndani ya begi lako, chini ya nguo, uisome ukiwa angani. Niliona ni jambo zuri, la kitabuni. Kisha nikafahamu kwa nini naliona zuri: angani huwezi kunijibu. Kwa hiyo nitakuletea kwa mkono wangu baada ya Isha, ungali macho, na nitakaa ukumbini kwetu nyumbani, mlango wazi. Ukitaka kunijia na kunisema, njoo. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kuirudisha ile radhi ulonitaka, hiyo ilikuwa bure tangu mwanzo, kwa kuwa hukunikosea kitu. Mimi ndiye nitakaye yako. Siitaki leo. Itoe siku utakayoiona inatoka yenyewe, na kama haitoki, usiisukume kwa kuwa mimi ni mkubwa. Nimekula sana kwa ukubwa.

Sikushauri urudi kwenye hina. Sina uso wa kushauri hilo. Bi. Ratna asema kwao pia wapaka maharusi, na shangazi yake ni mmoja wa wapakaji. Sikwambii uende kumtazama. Nakwambia tu kwamba siku yako ya kwanza mjini sasa imebaki tupu, na ni yako, ipange utakavyo. Lala ukitaka. Barabara zao uvuke pamoja na watu wengine, katikati yao. Hili la barabara kanambia Bwana Yusuf, si mimi, kwa hiyo waweza kuliamini.

Kesho usinitafute gatini. Nilikuwa nimetunga hotuba ya pale, ndefu, yenye shairi. Boti yako ya kwenda uwanja wa ndege wa Manda yaondoka asubuhi, na asubuhi hiyohiyo maji yatakuwa yamejaa Mkanda, ule mkondo mwembamba usiopitika maji yakipwa, na boti ya upande wa Pate haingoji mtu. Nakwenda Mbwajumali. Nataka kumwona babake Mwanahawa na mamake, na Mwanahawa mwenyewe akinikubalia, niwaambie mkono uliomchoma ni wa nani. Ningeweza kungoja kukuaga kisha niende siku nyengine. Najijua, siku nyengine sitakwenda.

Mamako Rukia atakuaga alfajiri nyumbani, kisha atafuatana nami. Asema nikienda peke yangu hawataniamini, watanikaribisha chakula na kuniomba hadithi. Yeye ndiye shahidi wangu kwamba, mara hii, sisemi uongo. Uone nilipofika.

Nimekuwa nafanya mazoezi ya maneno humu ukumbini peke yangu. Kila nikiyarudia yanaota manyoya. Mara yule kijana wa Malindi amekuwa mrefu, mara ana jicho moja, mara mvua inanyesha. Mamako Rukia alijua yatakuwa hivyo, na kabla sijaja huku aliniambia, "Bwana, sema: ni mimi. Waoneshe uso wako. Kisha unyamaze, hata wakikutukana, hata wakinyamaza wao."

Kusema naona nitaweza. Kule kunyamaza baada yake, Swafia, sijapata kufanya hivyo hata siku moja maishani mwangu. Wasema dua ya msafiri hairudi. Niombee hilo, kama moyo utakukubali.

Mjomba wako,
Athmani